Jambo la Ndani ya Nyumba

Kambini Kakuma, kaskazini mwa Kenya, watu wengi walimjua Nyariek kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Mganga wa zahanati alipomuuliza mgonjwa maumivu yako upande gani, sauti iliyouliza kwa Kinuer ilikuwa yake. Askari alipombwatia mtu kwenye foleni ya mgao wa chakula, aliyeligeuza karipio lile likafika kwa Kidinka chenye adabu alikuwa yeye. Cheo hakuwa nacho. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mrefu kama watu wa kwao walivyo, mwenye binti mmoja aitwaye Nyakim, na mume ambaye hakujua amwite mume au amwite marehemu.

Alizaliwa kusini mwa Sudan, kando ya mto Sobat, karibu na Nasir. Baba yake alikuwa Mnuer. Mama yake alikuwa Mdinka wa Ngok, aliyeolewa kutoka upande wa chini wa mto huohuo kwa mahari ya ng'ombe iliyosifiwa hadi Nyariek akakua akiisikia. Lugha hizo mbili alizinyonya pamoja. Kiarabu cha sokoni alikiokota kwa wachuuzi. Kiingereza alikipata shuleni, ile miaka michache ya amani iliyofuata vita vya kwanza vya Sudan. Kiswahili alikuja kukijifunza ukubwani, hapo Kakuma, kwa Akeno, mwanamke wa Kiturkana aliyekuwa akimletea kuni na kuondoka na mahindi.

Akeno hakuwa mwalimu wa kubembeleza. Angeushika mzigo wake wa kuni na kukataa kuutua mpaka Nyariek aseme anachotaka.

"Sema kuni."

"Kuni."

"Sema, dada yangu, karibu, keti, kunywa chai."

Nyariek akarudia yote, na hapo ndipo alipogundua kwamba amekwisha kumkaribisha mtu chai. Urafiki wao ukaanzia hapo. Mwaka ulikuwa 1992, na kambi yenyewe ilikuwa changa, nyumba za udongo zilizoezekwa plastiki katikati ya vumbi na miti ya miiba.

Kabla ya Kakuma, Nyariek alikuwa mkimbizi Itang, upande wa Ethiopia. Huko angalau alikuwa na mto. Maji yaliyopita Itang yalikuwa yaleyale yanayoshuka kwenda kuwa Sobat, na jioni alipokwenda kuchota alikuwa akisimama akiyatazama yakienda. Baada ya siku chache yangepita Nasir, chini ya ule ukingo ambapo mama yake alikuwa akianika samaki. Maji yalikuwa yanarudi nyumbani na yeye amebaki na ndoo. Kisha serikali ya Addis Ababa ikaanguka, kambi ya Itang ikavunjika kwa siku moja, na Nyariek akatembea na mumewe Jal na mtoto mgongoni, wakapitia Pochalla, wakateremka mpaka Kapoeta, na Kapoeta nayo ilipotekwa na jeshi la serikali wakavuka mpaka hadi Lokichoggio.

Pale Lokichoggio, Jal aliona malori ya wakimbizi yakipakia watu. Akamweka mtoto juu ya lori, akamshika Nyariek mkono kumsaidia kupanda, halafu yeye mwenyewe hakupanda.

"Mama yangu yuko Nasir," alisema. "Siwezi kula chakula cha watu huku sijui kama amekula."

"Utarudi lini?"

"Nikimpata."

Dereva alikuwa amekwisha kuwasha injini. Nyariek alimwona akisimama vumbini na fimbo yake mabegani, mikono miwili imening'inizwa juu yake kama mchungaji anayehesabu ng'ombe. Tangu siku hiyo, kila alipomwona mtu mrefu aliyebeba fimbo namna ile, moyo wake ulimtangulia kabla macho hayajamwambia si yeye.

Jirani yake wa mwanzo alikuwa mwanamke wa Eritrea aitwaye Letebrahan, mwenye wavulana wawili. Aliletwa kutoka kambi iliyokuwa upande wa Moyale, pamoja na Waethiopia, ingawa ukimwita Mwethiopia alikuwa anainua kidole na kukusahihisha. Alikuwa mtu wa kahawa. Angeikaanga, aitwange, aimimine kwenye kikombe kidogo, na harufu yake ilikuwa ikifika hata kwa wale waliokuwa na njaa, ikawapa jambo la kufikiria. Hawakuwa na lugha moja kamili. Walizungumza Kiarabu kilichochanganyika na Kiingereza na mikono.

Siku moja, mwaka uliofuata, Letebrahan alitoka nje akipiga vigelegele peke yake. Watu wakadhani amepatwa na wazimu. Nyariek akamkimbilia.

"Tumepiga kura," Letebrahan alisema. "Nchi yangu. Wameihesabu na dunia imekubali. Tuna bendera."

Nyariek alicheza naye. Wanawake wa mstari mzima wa nyumba wakacheza, Wadinka, Wanuer, Wasomali, wengine bila kujua wanachezea nini. Baadaye, walipokaa chini wakiwa wamelowa jasho, Nyariek alimuuliza walifanyaje.

"Tulipigana miaka thelathini. Hakuna aliyetutazama. Tulipomaliza kushinda, ndipo wageni wakaja na masanduku ya kura na kamera."

Miezi michache baadaye akaondoka na wanawe kwenda kwao. Alimkumbatia Nyariek shingoni akamwambia, "Yenu itafuata. Mtaona." Lori likaenda naye. Nyariek alisimama pale kwa muda mrefu, na kitu alichokihisi hakikuwa wivu. Kilikuwa kama njaa ya mtu anayesikia nyumba ya jirani wakipakua chakula.

Habari za Eritrea zilizunguka kambi nzima. Vijana walizijadili kwenye vibanda vya chai, wazee wakazijadili chini ya turubai la kanisa. Maana watu wa kusini mwa Sudan nao walikuwa wakipigana na serikali ya Khartoum, na walikuwa wakiambiwa kila siku kwamba vita vyao ni vya kuivunja nchi. Kusema kweli hata wao hawakuwa kitu kimoja. Walikuwapo waliotaka Sudan mpya kwa wote, na waliotaka kusini iwe nchi yake yenyewe. Jeshi lao lenyewe lilikuwa limepasuka mwaka 1991, Wanuer na Wadinka wakauana kwa namna ambayo hakuna aliyependa kuitaja mbele ya watoto. Nyariek, damu ya baba upande huu na ya mama upande ule, alijifunza kupita njiani akisalimia pande zote mbili kwa sauti ileile.

Mwaka 1995 kukaja ujumbe kutoka ng'ambo, kutoka nchi kubwa mojawapo iliyokuwa ikileta mahindi na mafuta ya kupikia. Wajumbe hawakutaka kufika kambini. Wakakaa mjini Lodwar, na wakaomba wazee wachache wa wakimbizi wapelekwe huko wazungumze nao. Kiongozi wa wazee hao alikuwa mzee Thiong, Mdinka, mtu wa maneno machache, aliyekuwa chifu kwao kabla ya vita. Aliomba Nyariek aende kuwa mkalimani wake. Baadhi ya watu walinung'unika: mkalimani Mnuer? Thiong akajibu kwamba hajauliza ng'ombe wa baba yake ni wa rangi gani, ameuliza nani anajua Kiingereza.

Walipanda lori la shirika alfajiri. Lodwar ilikuwa na joto la kupikia. Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kanisa, madirisha wazi, upepo ukiingiza mchanga mezani. Mjumbe alikuwa mzee wa Kizungu mpole, mwenye shati jeupe lililoshika mgongo kwa jasho. Aliwashukuru kwa kuja kutoka mbali. Aliuliza kuhusu maji na shule. Thiong aliyajibu hayo upesi, kama mtu anayesafisha njia, kisha akauliza alichokwenda kuuliza.

"Watu wa Eritrea walitaka nchi yao, mkawapigia makofi. Sisi tunataka watu wetu waulizwe tu, kama wale walivyoulizwa. Mbona mnatuambia hapana?"

Nyariek akaligeuza swali neno kwa neno. Mjumbe akafikiri kidogo. Alisema kila hali ni ya pekee. Eritrea iliwahi kuwa koloni peke yake, mbali na Ethiopia, na mipaka ya Afrika iliyokuwepo wakati wa uhuru haiwezi kuguswa, la sivyo bara zima litabomoka.

"Na sisi Mwingereza alitutawala mbali na kaskazini," Thiong alisema. "Mtu wa kaskazini hakuingia kwetu bila kibali, wala sisi kwao. Ninayakumbuka. Nilikuwa mtu mzima."

Mjumbe akakubali kwamba ni kweli. Akasema, hata hivyo, Addis Ababa ilikuwa imeridhia, Khartoum haijaridhia.

Thiong alisogeza kiti chake mbele. Halafu akasema polepole, na Nyariek akamfuata polepole: "Addis Ababa iliridhia baada ya kushindwa vitani. Kwa hiyo unatuambia tushinde kwanza."

"Sikusema hivyo," mjumbe alijibu. "Nasema nchi yangu inaheshimu mamlaka ya kila dola. Vita hivi vinatuhuzunisha. Lakini ni suala la ndani la Sudan."

Hapo ndipo Nyariek alipokwama. Wazee walikuwa wakimtazama. Kwa Kidinka nchi ni udongo na ng'ombe na watu wako. Dola ambayo mtu hajawahi kuiona ila kama ndege inayodondosha mabomu haikuwa na neno. Suala la ndani, la ndani ya nini? Alilitafuta neno, akalipata moja tu ambalo mtu angelielewa.

"Anasema vita vyetu ni jambo la ndani ya nyumba."

Wazee wakaguna. Kila mmoja aliijua nyumba hiyo. Mume anampiga mke, majirani wanasikia, wanaendelea kukamua ng'ombe kwa sababu ni mambo ya nyumba ya mtu. Thiong aliinuka na kulikunja koti lake mkononi.

"Muulize," alimwambia Nyariek, "mke akifia humo ndani, maiti itakuwa ya nani?"

Nyariek aliuliza. Mjumbe akaivua miwani yake, akaifuta, akasema anaelewa uchungu wao. Mkutano ukaishia hapo. Wakapewa soda.

Kakuma habari ilifika kabla ya lori, au ndivyo ilivyoonekana. Kufikia Jumapili kila mtu kambini alikuwa amesikia kwamba Wazungu wamesema watu wa kusini ni wake wa Waarabu. Wengine waliongeza kwamba wamesema tushinde kwanza ndipo tuhesabiwe kuwa watu. Mwana wa mwisho wa Thiong, kijana mkubwa aitwaye Majok, aliyebakiza muda mfupi kumaliza sekondari, aliyakunja madaftari yake akampa mwenzake. Akaenda Lokichoggio kwa miguu na kuvuka mpaka kurudi vitani. Hakumuaga baba yake. Alimwachia neno kwa mtu: nakwenda kushinda kwanza.

Kabla mwaka haujaisha, taarifa ikaja kwamba Majok ameuawa karibu na Torit.

Nyariek alikwenda msibani na unga aliouchangisha mstarini kwao. Thiong alikuwa ameketi juu ya ngozi, kichwa kimenyolewa. Hakuupokea unga.

"Wewe uliyasema yale maneno," alimwambia.

"Baba, nilisema aliyoyasema yule."

"Yule alisema Kiingereza. Mwanangu hakumsikia yule. Mwanangu alikwenda na maneno yako."

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Nyariek aliuweka unga chini, akatoka, na nyuma yake akasikia wanawake wakinyamaza namna wanavyonyamaza watu wanaosubiri mtu afike mbali ndipo waanze.

Basi ikawa hivyo kwa miaka. Zahanati ilimhitaji, ikaendelea kumwita. Lakini kwenye bomba la maji, upande wa Wadinka, ndoo yake ilikuwa ikisogezwa nyuma bila neno. Wanuer nao walimwambia, uliona? Ulikwenda kuwasemea wao. Na yeye usiku na mchana alilirudia lile neno kichwani. Alijaribu mengine. Jambo la kijiji? Jambo la ukoo? Kila aliloliweka lilikuwa uongo. Nyumba ndilo lililokuwa kweli, na ukweli wake ndio uliomsumbua.

Aliyebaki naye alikuwa Akeno. Alikuja na kuni zake kama kawaida, akaketi, akasikiliza kisa chote.

"Hiyo maneno ya kufungiwa mimi najua," Akeno alisema. "Baba yangu aliniambia, wakati ya mkoloni, mtu haingii Turkana bila karatasi. Na sisi hatutoki. Uhuru ikakuja, hata leo mtu akienda Kitale tunasema ameenda Kenya."

"Na mlitaka kuwa nchi yenu?"

Akeno akacheka. "Sisi tulitaka kisima. Hakuna mtu alituuliza." Akaendelea kukoroga chai. "Lakini wewe, mama Nyakim, wewe unataka nini? Bendera?"

Nyariek alisukuma ukuni ndani ya moto. Hakuwa amewahi kuulizwa hilo na mtu.

"Nataka kuamka nisikie mto," alisema mwisho. "Nataka Jal aje na kelele zake. Bendera nitaikubali kama ndiyo njia ya kufikia huko."

"Basi ungemwambia yule mzungu hivyo."

"Mimi nilikuwa mdomo wa watu. Mdomo hausemi yake."

Akeno alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia desturi ya ajabu ya kabila la mbali.

Mwaka 1998 Waethiopia wapya walileta habari kwamba Eritrea na Ethiopia wanapigana, safari hii juu ya mpaka. Nyariek alimfikiria Letebrahan na wanawe wawili, waliokuwa wadogo wakati ule na sasa wametosha kushika bunduki. Aliuliza kila aliyetoka upande ule. Hakuna aliyemjua. Kumbe hata kupata nyumba yake hakumzuii mtu kulala mlango wazi, tayari kukimbia, akisikiliza hatua za watu.

Kisha ikaja Machi ya 1999. Redio zilianza kutaja mahali huko Ulaya paitwapo Kosovo. Jioni moja Nyakim, ambaye sasa alikuwa msichana wa miaka kumi, alimwambia mama yake kuna mzee nje. Alikuwa Thiong. Alikuwa amekonda, anatembelea fimbo, na mkononi ameshika redio iliyofungwa kwa mpira.

"Kiswahili chao kinanipita," alisema. "Nimesikia jina la ile nchi. Nchi ya yule mtu wa Lodwar. Wanasema inawatupia wengine mabomu. Nataka kujua ni kwa nini."

Nyariek akamtolea kigoda. Wakaketi wawili, redio chini kati yao, na yeye akawa anageuza kwa Kidinka kadiri msomaji alivyokwenda. Kwamba kuna watu wanaoteswa na serikali yao. Kwamba serikali hiyo imesema mambo ya Kosovo ni mambo yake ya ndani. Kwamba nchi kubwa zimejibu kuwa hakuna serikali inayoweza kujificha nyuma ya mpaka ikiua watu wake, na ndege zao zimekwisha kuruka.

Waswahili wana msemo wao, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nyariek alikuwa ameusikia kwa mwalimu mmoja wa kambini na kuupenda, lakini jioni ile hakuutaja. Alimwacha mzee asikilize. Habari zilipokwisha Thiong aliizima redio ili betri isiishe bure.

"Huyu hakusema nyumba," alisema.

"Hakusema, baba."

"Nyumba ya watu wale ina mlango. Yetu haina." Alikuna udongo kwa ncha ya fimbo. "Siku ile Lodwar. Palikuwa na neno lingine ungeweza kulisema?"

"Nimelitafuta miaka hii yote. Sikulipata."

Thiong alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Macho yake yalikuwa na maji, ya uzee au ya kitu kingine. "Majok angekwenda tu," alisema. "Alikuwa anatafuta neno la kuondoka nalo. Mimi nilitafuta mtu wa kumtwisha kifo cha mwanangu." Kisha akaomba maji ya kunywa, na Nyariek alimletea kwa mikono miwili, na alipoyapokea naye akatumia mikono miwili.

Mwezi uliofuata ujumbe mwingine wa nchi ileile ukafika Lodwar. Thiong hakuweza safari, miguu ilikuwa imemgomea. Wazee waliokutana chini ya turubai walitaka Nyariek akakalimani tena. Akakataa.

"Tafuteni kijana wa kukalimani, sasa wapo wengi," aliwaambia. "Mimi nitakwenda kusema."

Wazee walitazamana. Mwanamke? Na Mnuer? Ni Thiong aliyesema, kutoka alipokuwa amelala ubavu, kwamba mama wa mwanamke huyu alitoka Ngok, na kama wanataka kubishana waanzie kwenye mahari. Ubishi ukaisha kwa kicheko.

Akaenda na Nyakim, maana binti alikuwa hajapata kufika Lodwar. Ukumbi ulikuwa uleule, ila safari hii mjumbe alikuwa mwanamke, mwenye umri kama wake, aliyekuwa akijipepea kwa bahasha. Nyariek alisimama. Alizungumza Kiingereza chake cha shule ya Nasir, cha sentensi fupi.

Alisema anatoka kando ya mto Sobat. Alisema hajauona tangu binti yake hajajua kutembea. Alisema mume wake alirudi kumtafuta mama yake, na yeye hajui kama avae nguo ya msiba au asubiri. Kisha akauliza kwa nini Kosovo mpaka hauzuii mtu kusaidia, na kwao unazuia.

Mjumbe aliacha kujipepea. Alisema hilo ni swali zuri sana. Alisema Kosovo ni hali ya pekee.

"Eritrea nayo ilikuwa ya pekee," Nyariek alisema. "Tuliambiwa hapahapa. Sisi tutakuwa wa pekee lini?"

Watu hawakupiga makofi. Yule mwanamke alimtazama usoni kwa muda, mdomo wake ukafunguka kama anayetaka kusema jambo lisiloandikwa kwenye bahasha yake, ukafungika tena. Halafu akasema kwamba nchi yake itaendelea kuunga mkono mazungumzo, na itaendelea kuleta chakula. Mtu aliyekuwa kando yake akaitazama saa.

Nyariek akaketi. Alikuwa amejua litakuwa hilo. Hata hivyo alihisi kifua kimepata nafasi, kama mtu aliyebeba maji ya wengine kichwani kwa safari ndefu, na leo amekunywa kidogo.

Lori la kurudi lilikuwa na shida ya gurudumu. Dereva alilisimamisha karibu na daraja la mto Turkwel, akawaambia abiria washuke akifanya kazi. Mvua ilikuwa imenyesha huko milimani upande wa Pokot, na mto ulikuwa umeshuka na maji mengi ya rangi ya chai ya maziwa, yakibeba matawi. Wanawake wa Kiturkana walikuwa wakichota pembeni chini ya mikoma. Mbuzi walikunywa.

Nyariek alivua viatu akateremka. Akainua gauni mpaka magotini na kuingia.

"Mama, utaloa," Nyakim aliita kutoka juu. Aliwatazama abiria wengine kwa aibu. "Mama, bana, watu wanakuona."

Mama hakugeuka. Akaingia mpaka maji yakamshika mapaja. Akainamisha mikono ndani, akayateka, akayanusa. Hayakuwa na harufu ya matete wala ya samaki wanaokauka. Yalinuka mchanga na mbuzi. Akasimama tu, mto ukimsukuma magoti kuelekea Ziwa Turkana.

Nyakim mwishowe akashuka, viatu mkononi, akaja kusimama kando yake, akigutuka kwa ubaridi. Alikuwa amelelewa mahali ambapo maji hutoka bombani kwa foleni.

"Huo mto wenu," aliuliza, "ni mkubwa kama huu?"

"Huu ungemezwa nao wala usijue."

"Na unatisha?"

"Usiku unasikika. Mtu akikosa usingizi anausikiliza." Nyariek alitaka kuendelea, kumwambia kuhusu mtumbwi wa babu yake, na namna taa za wavuvi zinavyoonekana, na jinsi Jal alivyoogelea kuja kumposa kwa sababu alishindwa kulipa nauli ya kuvuka. Akamtazama msichana, akaona anasikiliza kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza habari za Kitale au za Ulaya. Kwa Nyakim kwao ni Kakuma. Rafiki zake wako huko, lugha yake ya kuchekea iko huko.

"Shika gauni lako vizuri," akamwambia. "Njoo mpaka hapa. Hapa mchanga ni mgumu."

Nyakim akasogea, akamshika mama yake mkono ili asiteleze. Walisimama hivyo mpaka dereva alipopiga honi.